Diski Ikianza Kugonga, Zima Kompyuta Kwanza

Kama unasoma makala hii huku diski ya kompyuta yako inagonga, zima mashine kwanza, chomoa waya ukutani, kisha uendelee kusoma. Usisubiri Windows ifunge programu zake taratibu. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kila kitu kizime. Kazi ya leo ambayo hukuihifadhi itapotea, lakini kilicho hatarini sasa ni kazi ya miaka yote.

Nalisisitiza hili kabla ya jingine lolote kwa sababu watu wengi waliopoteza tasnifu, hesabu za duka au picha za harusi hawakuzipoteza siku diski ilipoharibika. Walizipoteza katika saa chache zilizofuata, wakiwasha na kuzima, wakijaribu kila ushauri wa kila jirani, wakimkabidhi kijana wa kwanza aliyesema anaweza. Hitilafu ya mwanzo mara nyingi huwa ndogo. Inayoua data ni ile tunayoiongeza sisi wenyewe kwa pupa.

Ndani ya diski ngumu ya kawaida kuna sahani moja au zaidi, za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Zinazunguka mara 5,400 kwa dakika kwenye laptopu nyingi, na 7,200 kwenye kompyuta nyingi za mezani. Juu ya kila uso wa sahani kunaelea kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, kikibebwa na upepo wa mzunguko huo, na nafasi kati yake na sahani ni nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita elfu themanini hivi. Kichwa kikilegea au kikipinda, kinaukwangua ule utando, na utando huo ndio data yenyewe. Ukishageuka unga, hakuna programu wala maabara duniani itakayourudisha. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inapita chini ya kichwa kilichoharibika mara tisini kila sekunde. Ndiyo maana nasema zima.

Jambo la pili ni kubadili lengo. Watu wanaingia kwa fundi wakisema, "Nitengenezee diski yangu." Diski iliyougua haitengenezwi ili irudi kazini. Ni kama mtungi uliopasuka ukiwa na maji: unachota yaliyomo uyapeleke kwenye chombo kizima, huhangaiki kuziba ufa. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi, kwa maana unajiuliza swali moja tu: je, hatua hii inachota, au inazidi kupasua?

Sasa jaribu kukumbuka ulichosikia kabla ya kuzima. Diski inayogonga kwa mpangilio, ko, ko, ko, kisha inanyamaza na kuanza tena, mara nyingi vichwa vyake vimekufa au vinashindwa kusoma alama zinazoviongoza kwenye sahani, hivyo mkono unarudi mwanzo na kujaribu upya. Diski inayolia kwa sauti nyembamba ya kukatakata bila kuzunguka, hasa baada ya laptopu kuanguka ikiwa imewashwa, huenda vichwa vimegandia juu ya sahani na mota inasukuma bila kufanikiwa, au mota yenyewe imekwama. Hizi mbili si za kushughulikia nyumbani, hata uwe mjuzi wa kompyuta kiasi gani. Zinahitaji mtu mwenye diski nyingine ya aina ileile ya kutolea vichwa, vifaa vya kuvihamisha na mahali pasipo na vumbi. Kama yaliyomo hayana thamani ya gharama hiyo, sikitika na uendelee na maisha. Kama yana thamani, usiiwashe tena hata mara moja "kujaribu tu".

Diski iliyo kimya kabisa, isiyotetemeka hata ukiishika mkononi, ina habari tofauti na mara nyingi bora zaidi. Huenda tatizo liko kwenye bodi ya kijani iliyo chini yake, na sahani ndani ni nzima. Kwetu, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, hali hii ni ya kawaida. Ya kawaida pia ni ile ya chaja. Diski kubwa ya nje, ile inayokaa mezani na kutumia umeme wake yenyewe, kwa kawaida inataka volti 12. Chaja ya laptopu hutoa volti 19 hivi, na kuna ncha za chaja zinazoingia kwenye tundu la diski bila kikwazo chochote. Mtu anachomeka, taa inawaka kidogo, basi.

Mara nyingi kilichokufa hapo ni daiodi ya kinga, kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, kilicho karibu na mahali umeme unapoingia kwenye bodi. Kazi yake ni kujitoa mhanga: umeme ukizidi, inajifunga na kuuelekeza chini ili usifike kwenye sehemu nyeti. Fundi mwenye mita anaipima kwa dakika mbili. Akikuta imejifunga, anaitoa, na diski huweza kuzunguka kama zamani. Lakini kinga imeondoka, kwa hiyo inawashwa kwa chaja yake sahihi, inanakiliwa siku hiyohiyo, na haitumiki tena.

Kama bodi imeungua zaidi ya hapo, utasikia ushauri wa kununua diski inayofanana na kuhamisha bodi. Zamani ilitosha. Kwenye diski nyingi za miaka ishirini iliyopita haitoshi, maana bodi imebeba kumbukumbu ndogo, mara nyingi chipu ya miguu minane, iliyoandikwa kiwandani vipimo vya vichwa na sahani za diski ile moja tu. Bodi mpya isiyo na vipimo hivyo huifanya diski igonge au isijitambue. Fundi anayejua kazi ataihamisha chipu hiyo pia, au maandishi yake. Akikuambia kubadili bodi pekee kunatosha, muulize kuhusu chipu hiyo uone anavyojibu.

Kuna mambo ambayo ningependa yaachwe kabisa. Kuiweka diski kwenye friza ni mojawapo: ikitoka, unyevu wa hewa unageuka matone juu yake na ndani yake, na sahani yenye majimaji haifai kuzungushwa. Kuigongagonga mezani. Kuifungua "nione tu" sebuleni, ambako vumbi linaloelea ni kubwa mara nyingi kuliko ile nafasi ya nanomita chache. Na kama diski imeingia maji ya mafuriko, usiianike juani wala usiizike kwenye mchele. Maji yakikauka, matope na chumvi hugandia juu ya sahani. Ifunge ikiwa na unyevu wake kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uipeleke kwa mtaalamu upesi bila kuiwasha.

Makosa ya kwenye skrini ni mabaya vilevile, tena hayana sauti ya kukushtua. Windows ikikuonyesha kisanduku kinachotaka ufomati diski ndipo uitumie, kataa. Ikianza yenyewe kukagua na kurekebisha diski wakati wa kuwaka, izuie. Amri ya chkdsk imetengenezwa kuuweka sawa mpangilio wa mafaili kwenye diski nzima; ukiiendesha kwenye diski inayokufa, inaandika juu yake, inakata vipande vya mafaili na kuviacha kwenye foleda za FOUND.000 ambako huna namna ya kujua kipi ni kipi. Kupiga Windows upya ni balaa kubwa zaidi, na inasikitisha kwamba ndilo jibu la kwanza la mafundi wengi wa mitaani kwa kompyuta yoyote isiyowaka. Usikubali mtu apige Windows kabla hujamwambia kwa sauti kwamba kuna mafaili unayoyataka.

Inabaki hali ambayo msomaji mwenye utulivu anaweza kuishughulikia mwenyewe: diski inazunguka vizuri, haigongi, kompyuta inaiona kwa jina na ukubwa wake sahihi, lakini ni nzito kupita kiasi, mafaili mengine hayafunguki, au Windows haiwaki. Hapa kwa kawaida kuna sehemu zilizooza, na kazi ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine kubwa kuliko hiyo. Usianze kuvuta foleda moja moja kwa kipanya. Windows ikikutana na sekta mbovu hung'ang'ania palepale, inaichosha diski, kisha inakata kazi yote.

Chombo cha kazi hii ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, na ni ya bure. Akili yake iko kwenye mpangilio. Inapita kwanza ikichukua kila kinachosomeka kwa urahisi; ikigonga sehemu mbovu inairuka na kwenda mbele. Ikishavuna penye afya ndipo inarudi kwenye majeraha, kidogo kidogo. Na inaandika daftari la kila ilichosoma na kilichobaki, hivyo umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia.

Utahitaji flashi yenye SystemRescue, ambayo ni Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi na tayari ina zana hizi. Utahitaji pia diski nzima ya kupokelea, iliyofomatiwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haikubali faili linalofika gigabaiti 4 na faili lako litakuwa na ukubwa wa diski nzima. Ikiwa kompyuta ya mezani ipo, unganisha diski mbovu moja kwa moja kwa kebo ya SATA. Viunganishi vya USB huficha makosa na hukatika ovyo. Ila diski nyingine za nje zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi yake, na nyingine zinafunga data kwa siri kupitia bodi hiyohiyo, kwa hiyo usizibandue kwenye kasha kabla ya kujua ni za aina gani.

Ukishawaka ndani ya Linux, orodhesha diski zote:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Hapa chukua muda wako. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye lebo ya diski na ile iliyo kwenye skrini, mara mbili, ikiwezekana mtu mwingine akisoma kwa sauti. Ukikosea ukaifanya diski mbovu kuwa ya kupokea, utakuwa umeifuta kwa mikono yako. Tuseme mbovu ni sdb, na ile nzima umeifungua kwenye foleda /mnt/akiba. Amri ya kwanza ni hii:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Itapita ikivuna, na skrini itakuonyesha kiasi kilichookolewa na makosa yaliyokutwa. Ikimaliza, irudie kwa jicho la pili kwenye sehemu ngumu tu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Herufi r3 inaiambia ijaribu mara tatu. Inaweza kuchukua saa, inaweza kuchukua siku. Elekeza feni kwenye diski, iache bila kuisogeza, usitumie mashine kwa kitu kingine. Lakini ikianza kugonga katikati ya kazi, simamisha na uzime: ulichokwisha kuvuna kipo salama, na kilichobaki ni cha maabara. Usijadiliane nayo.

Nakala ikishapatikana, iweke diski mbovu kabatini. Kuanzia hapo kila jaribio linafanywa juu ya nakala, na ukiharibu unaanza upya bila hasara. TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, inaweza kulisoma faili la diski.img, kutafuta patisheni zilizopotea na kutoa mafaili yakiwa na majina na foleda zake. Ikishindwa, mwenzake PhotoRec haijali mpangilio kabisa: inatembea sekta baada ya sekta ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Picha za JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Utapata maelfu ya mafaili yenye majina ya namba, yasiyo na foleda, na kuyapanga kutakula wikiendi kadhaa. Lakini picha ya marehemu bibi ni ileile hata ikiitwa f0482112.jpg.

Njia hiihii inafaa kwa faili ulilofuta kwa bahati mbaya kwenye diski ya kuzunguka, kwa sababu kufuta huondoa tu anwani ya faili, na yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo usipakue programu ya kuokolea kwenye diski hiyohiyo. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, hesabu ni nyingine. Windows huiarifu SSD kwamba nafasi fulani haitumiki tena, kwa amri iitwayo TRIM, na SSD huisafisha kwa wakati wake; mara nyingi faili lililofutwa limekwenda moja kwa moja. SSD pia hufa bila kugonga wala kulia. Na kama data za diski zimefungwa kwa siri na BitLocker, jambo linaloweza kufanyika lenyewe kwenye kompyuta mpya za Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, basi hata maabara bora itakutolea takataka usipokuwa na ule ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako leo, uuone, uuandike kwenye karatasi.

Tuje kwa fundi. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi zina mafundi hodari wa kuchomelea bodi, na kwa diski iliyo kimya huenda ndio unaowahitaji. Kuchomelea na kubadilisha vichwa ni kazi mbili tofauti. Kabla hujaacha diski, ipige picha lebo yake uwe na namba yake, kisha zungumza waziwazi: "Fundi, kabla hujaigusa, niambie. Utanakili diski nzima kwanza? Ukitaka kuifungua utaifungulia wapi? Na nikisema basi, utanirudishia kama ilivyo?" Anayejua kazi hatakereka. Anayejibu, "Usijali bosi, njoo saa kumi," bila kuuliza diski ilianguka, iliungua au ilianza kugonga lini, mshukuru uondoke na diski yako. Lipa sehemu kubwa ya malipo baada ya kuona orodha ya mafaili na kufungua machache, na nenda na diski yako mwenyewe ya kupokelea.

Kuna na suala la siri. Humo mna vitambulisho, vyeti vya hospitali, picha za familia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwambie fundi kwamba ukishapokea mafaili yako unataka afute nakala aliyobaki nayo, na akuandikie hivyo kwenye risiti. Kwa ofisi, zahanati au chama cha kuweka na kukopa, mkubaliane kwa maandishi kabla diski haijatoka mlangoni, kwa sababu humo mna taarifa za watu wengine.

Kwa aliyekata tamaa kwa sababu diski yake inaonekana vibaya kwa nje, nina mfano mmoja. Februari 1, 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani na wanaanga wote saba wakafariki. Miezi kadhaa baadaye, kati ya mabaki, ikapatikana diski ya megabaiti 400 iliyokuwa imebeba jaribio la gesi ya xenon. Plastiki zilikuwa zimeyeyuka na vumbi lilikuwa limeingia ndani. Wataalamu wa Ontrack, Minnesota, walisafisha sahani, wakazihamishia kwenye kiwiliwili cha diski nyingine na kutoa takriban asilimia 99 ya data, na mwaka 2008 matokeo ya jaribio yakachapishwa. Iliwezekana kwa sababu sehemu ya sahani yenye data haikukwanguliwa. Diski nyingine mbili za safari hiyo hazikutoa kitu.

Diski yako huenda ikakuonya kabla. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma taarifa za SMART ambazo diski inajiandikia. Angalia mstari wa 05, wa C5 na wa C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana. Namba ghafi zikiacha kuwa sifuri na kuanza kupanda, nakili data zako siku hiyo. Utafiti wa Google wa mwaka 2007 juu ya diski zake zaidi ya laki moja ulikuta kwamba diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini utafiti huohuo ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya dalili kuu nne za SMART. Ukimya wa SMART haukuhakikishii kitu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe ambaye diski yako inazunguka vizuri jioni hii: nunua diski ya nje, nakili foleda ambazo ukizikosa utalia, chomoa, uipeleke nyumba nyingine, kwa dada yako au ofisini, kwa sababu mwizi na moto havichagui kati ya laptopu na diski iliyolala pembeni yake. Zilizo muhimu kabisa, tasnifu na hesabu, ziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive. Fungua mafaili machache kwenye kila nakala uone yanafunguka, na urudie zoezi hilo kila mwisho wa mwezi.